Mzee Akifunga Mjadala, Mzaha Huufungua

Katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Garsen, Kaunti ya Tana River nchini Kenya, hakuna kazi ngumu mkutanoni kama ya yule anayetakiwa kusema, "Hilo tuliache." Anaweza kuwa chifu, mwenyekiti wa kamati ya amani au mzee aliyeombwa kuongoza kikao kwa ajili ya umri na heshima yake. Akishatamka maneno hayo, kwa utaratibu mjadala umekwisha. Kwa watu haujaisha. Kutoka nyuma, wanakosimama vijana wa bodaboda, itatoka sauti: "Mzee, tukiliacha hapa litatufuata nyumbani!" Kicheko kitapasuka, akina mama watajifunika midomo kwa leso, na mara nyingi mzee naye atatabasamu huku akigonga fimbo yake chini.

Mizaha ya namna hii iko kila penye wasemaji wengi na msimamizi mmoja. Yuko mwenyekiti anayesemwa kwamba saa yake hukimbia akiongea mwingine na husimama akiongea yeye. Yuko chifu anayeambiwa daftari lake halina ukurasa wa malalamiko. Na ile ajenda ya "mengineyo," inayowekwa mwisho kila mara na isiyofikiwa kamwe, huambiwa imehamia Hola, makao makuu ya kaunti, kutafuta kazi.

Mgeni anaweza kuyachukulia maneno haya kuwa utovu wa adabu. Mimi nayachukulia kuwa moja ya ulinzi bora walio nao watu wa Tana. Eneo hili limeshaona kinachotokea watu wanapoacha kusemezana. Kwa hiyo anayemtania mzee kwa kufunga mjadala anamwambia, kwa heshima zote, kwamba jambo lile bado lina moto. Kiongozi mwenye busara hulisikia hilo kabla ya kicheko kwisha.

Mto mmoja, haja nyingi

Ili kuelewa kwa nini mijadala hufungwa mara nyingi hapa, ni lazima kuanza na mto wenyewe. Tana ni mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Huanzia nyanda za juu za kati, hupita katika nchi kavu ya Garissa na Hola, kisha ukikaribia Garsen hutanuka na kuwa delta yenye mikono, maziwa na mabwawa, hadi kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 315,943 katika Kaunti nzima ya Tana River, idadi ndogo kwa eneo kubwa namna hiyo. Lakini watu hao hawakutawanyika sawasawa. Wamesongamana penye maji.

Kando ya mto wako Wapokomo, wakulima wa mpunga, mahindi, ndizi na maembe, ambao kilimo chao hufuata kujaa na kupwa kwa mto. Nyuma yao, kwenye mbuga, wako Waorma na Wawardei na ng'ombe wao. Wako pia Wamunyoyaya, Wamalakote, Wawaata, Wagiriama, Wabajuni na wengine waliofuata uvuvi na biashara. Kiangazi kikibana, mifugo huja deltani kutoka mbali, hata nje ya kaunti, kwa sababu majani ya hapa hubaki mabichi kwingine kukiwa vumbi tupu.

Mifugo hiyo hufika majini kwa njia ziitwazo malka. Ukisimama kwenye malka saa tano asubuhi wakati wa kiangazi utaona sababu ya kila mjadala wa Garsen. Upande mmoja kuna shamba la mahindi, mistari yake imefika ukingoni kabisa, kwa sababu ardhi yenye rutuba ni ile iliyo karibu na maji. Upande wa pili kuna kundi la ng'ombe lililotembea usiku kucha, limeinusa harufu ya mto na halishikiki tena. Katikati yupo kijana mwenye fimbo. Ng'ombe watatu wakiingia shambani, jioni kutakuwa na kikao. Mkulima atasema alilima kwa haki. Mfugaji atasema babu yake alinywesha hapo. Wote wawili watakuwa wanasema kweli, na mwenye kikao atatakiwa kuamua nani aendelee kusema na nani anyamaze.

Serikali ilipoleta upimaji wa ardhi na hatimiliki, mgogoro uliongezeka. Wakulima wengi waliona hatimiliki kuwa kinga yao. Wafugaji wengi waliona kwamba kila kipande kikipewa mwenyewe, njia ya kwenda majini itakufa. Mwaka 2001 na 2002 ugomvi huo uliua watu wengi. Tangu hapo kila mwenyekiti anajua kwamba neno "ardhi" likitajwa, ni bora aangalie saa.

Mwaka ambao maneno yaliisha

Mwaka 2012 ugomvi ule ulirudi. Tarehe 22 Agosti kijiji cha Riketa kilivamiwa na zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba vikafuata vijiji vya Chamwanamuma na Kilelengwani, ambako maafisa wa polisi walikuwa miongoni mwa waliokufa. Rais Mwai Kibaki akatangaza kafyu na kupeleka askari wengi deltani. Mnamo tarehe 21 Desemba ikawa zamu ya kijiji cha Kipao. Hadi Januari 2013 wafu walikuwa zaidi ya 150, maelfu walikuwa wameyahama makwao, na uchaguzi mkuu wa Machi 4 ulikuwa unakaribia. Mwaka huo huo wa 2012 Delta ya Tana iliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Dunia ilitambua thamani ya maji yake wakati wenyewe wakizikana.

Mengi yameandikwa juu ya sababu: ukame, silaha, siasa za kaunti mpya, ardhi. Yote yamo. Lakini liko moja linalotajwa kwa haraka na kupitwa. Malalamiko yaliyolipuka mwaka ule hayakuwa mapya. Yalikuwa yamefikishwa vikaoni mara nyingi, yakaahirishwa, yakafungwa, yakaambiwa yasubiri wakubwa kutoka Mombasa au Nairobi. Kila kufungwa kulionekana ni hekima kwa siku hiyo, maana mkutano uliisha bila ngumi. Waliobaki na uchungu wao waliondoka nao, wakaenda kuusemea mahali ambapo upande wa pili haukuwepo.

Hapo ndipo uvumi ulipopata malisho. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kijiji kimoja kinasikia kwamba kingine kimepokea bunduki. Kingine kinasikia kwamba cha kwanza kimewahamisha watoto usiku, na kuwahamisha watoto maana yake ni kwamba kuna shambulio linapangwa. Hakuna wa kuuliza, kwa sababu wa kumuuliza ni yule yule unayemwogopa. Na pale ambapo jirani hamtanii tena jirani yake, hata swali la kawaida huonekana ni upelelezi.

Waliokataa kufuta

Baada ya damu ile, mwaka 2013, shirika la Sentinel Project lenye makao yake Toronto, Kanada, likishirikiana na watafiti wa iHub wa Nairobi, lilianzisha hapa mradi ulioitwa Una Hakika. Utaratibu wake unastahili kuelezwa, kwa sababu unafundisha jambo ambalo wasimamizi wengi wa mijadala hawajalifikia.

Mtu akisikia uvumi kijijini alituma ujumbe mfupi wa simu, alipiga, au alimwambia mmoja wa mabalozi wa kujitolea waliochaguliwa kutoka vijiji vya jamii zote. Wafanyakazi waliuandika uvumi ule, wakaupima uzito wake, wakawauliza watu wanaoaminika walio karibu na tukio: wazee, machifu, polisi, wenye maduka. Kisha jibu lilirudi kwa aliyeuliza na kwa wengine wa eneo lile. Kama ni kweli, waliambiwa ni kweli. Kama ni uongo, waliambiwa ni uongo.

Tazama tofauti. Mwenyekiti aliyezoea kufunga mjadala angesema, "Hayo maneno ya uvumi tusiyataje hapa." Una Hakika ilisema yataje, tena haraka, kisha tuyatafutie jibu. Aliyeleta uvumi hakuitwa mchochezi. Alihesabiwa kuwa mtu aliyefanya jambo jema kwa kuuliza kabla ya kuamini. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni katika Kaunti jirani ya Lamu mwezi Juni na ya kituo cha polisi cha Gamba hapa Tana River mwezi Julai, hofu ilikuwa imetanda pande hizi zote. Wakati kama huo, njia ya kuuliza bila kuogopa ni kinga sawa na doria ya askari.

Mamlaka na kipaza sauti chake

Hamu ya kunyamazisha si ya leo, wala si ya wazee wa vijijini peke yao. Wapokomo walikuwa na ngoma yao kuu, ngadji, iliyotunzwa na watawala wao na iliyokuwa ishara ya mamlaka, ibada na umoja. Maafisa wa kikoloni wa Kiingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1908 ikawa tayari imefika British Museum mjini London. Hadi leo warithi wake wanadai irudishwe. Aliyeichukua alidhani ameondoa kitu kinachokusanya watu. Watu waliendelea kukusanyika, na sasa wana jambo moja zaidi la kulalamikia.

Zama zetu zina ngoma nyingine. Mwaka 2017, uchaguzi ukikaribia, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya pamoja na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, zilitoa mwongozo uliomtwika msimamizi wa ukurasa au kikundi cha mtandaoni jukumu la kudhibiti yanayosemwa humo. Kuanzia hapo mwalimu wa shule ya msingi aliyeanzisha kikundi cha simu cha wazazi alijikuta amekuwa askari wa zamu. Mizaha ikaongezeka: msimamizi akifuta ujumbe, wenzake humuuliza kama ameagizwa na chifu, au humwomba aufute na mkopo wao wa dukani. Nyuma ya mizaha hiyo kuna swali la haki kabisa: umefuta kwa sababu gani, na mbona hukusema?

Swali hilo ndilo kiini. Watu wa Garsen si wapinzani wa utaratibu. Wanajua, kuliko wengi, kwamba yapo maneno yasiyofaa kuachwa yapite. Kinachowaudhi ni kufungiwa mlango bila kuambiwa sababu wala lini utafunguliwa.

Utani una mipaka yake

Si kila kicheko ni cha heri. Upo utani unaopanda juu, kwa mwenye fimbo na kipaza sauti, na upo unaokwenda pembeni, kwa jirani na kabila lake. Wa kwanza humkumbusha mkubwa wajibu wake. Wa pili, mahali ambapo makaburi bado ni mapya, ni kuni. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, kifungu cha 13, inaadhibu matamshi ya chuki kwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Mwenyekiti anayemkatiza mtu anayelitukana kabila la mwenzake anafanya kazi yake, na hapaswi kusitasita.

Hata hivyo historia ya Afrika Mashariki inatuonyesha kwamba utani wa pembeni nao unaweza kupona na kuwa dawa. Nchini Tanzania, Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani wanaoweza kukejeliana hata msibani bila mtu kukasirika. Uhuru huo una masharti: kila upande una haki sawa ya kutania na kutaniwa, wote wanaijua mipaka, na mtani ana wajibu wa kukusaidia siku ya shida sawasawa na haki yake ya kukucheka. Waliouana wamefika hapo kwa muda mrefu, wala hakuna sheria ya bunge iliyowalazimisha.

Deltani, njia ya kufika huko inaanzia kwa yule anayetaniwa na wote. Mkutano wa jamii mbili ukiendeshwa kwa Kiswahili, mkulima akamtania mwenyekiti na mfugaji akacheka, au mfugaji akamtania na mkulima akacheka, pande mbili zimecheka jambo moja kwa wakati mmoja. Kwa dakika hiyo hawakuwa Mpokomo na Muorma. Walikuwa raia wawili wenye mwenyekiti mmoja. Kiongozi anayekubali kutaniwa namna hiyo ametoa zawadi kubwa kuliko hotuba yake.

Pasipo mzaha

Kuna mijadala ambayo ikifungwa hakuna anayetania, na hiyo ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mfano ulio wazi ni maslaha, utaratibu wa wazee kusuluhisha kesi kwa fidia. Kwa ng'ombe walioingia shambani au deni lililochelewa, maslaha yamesaidia sana, na ni haraka na nafuu kuliko mahakama. Lakini yanapotumika kumaliza kesi ya msichana aliyenajisiwa, familia zikakubaliana mifugo na mtoto akaambiwa anyamaze, hapo kilichofungwa ni uhai wa mtu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haiwapi wazee mamlaka hayo. Kumnajisi mtoto ni kosa la jinai, na mahali pake ni polisi na mahakamani.

Tazama kikao cha namna hiyo kinavyokwisha. Hakuna sauti ya kijana kutoka nyuma, hakuna leso mdomoni. Watu huinuka, hukung'uta nguo na kutawanyika. Huo si ukimya wa walioridhika. Mficha maradhi, kilio humfichua. Ikiwa kuna alama moja ambayo afisa wa utawala, mchungaji au imamu anapaswa kuijua, ni hii: jambo linalotaniwa bado linaweza kuzungumzwa, na jambo ambalo hakuna anayethubutu kulitania limeshaingia mahali pa hatari.

Namna ya kufunga kwa haki

Mifano ya kufungua yaliyofungwa ipo hapa hapa. Wakazi wa delta waliposhindwa kusikilizwa juu ya miradi mikubwa ya kilimo iliyopangwa kwenye ardhi yao, baadhi yao walikwenda Mahakama Kuu. Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba mipango ya matumizi ya ardhi ya delta iandaliwe kwa kuwashirikisha wakazi. Mpango uliotokana na mashauriano ya vijiji vya wakulima, wafugaji na wavuvi ukazinduliwa mwaka 2015. Hautekelezwi wenyewe, na malka bado zinalimwa na mashamba bado yanaliwa. Lakini uliwaketisha watu mbele ya ramani moja, wakanyooshea vidole mahali wanapoishi, wakabishana. Ubishi wa namna hiyo hakuna mwenye haki ya kuufuta.

Kutokana na hayo yote, nina haja na kila anayeshika fimbo ya kikao kati ya Garsen, Minjila, Tarasaa na Kipini. Ukilazimika kufunga mjadala, sema sababu kwa sauti. Taja siku mjadala utakaporudishwa, na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao mbele ya wote. Mteue mtu wa kufuatilia jibu kutoka upande mmoja, na mwenzake kutoka upande wa pili. Kama kilichokufanya ufunge ni uvumi, usiuache utoke mlangoni bila kujibiwa. Na yule kijana wa nyuma akikutania, usimtoe nje. Mpe kipaza sauti, aseme kwa maneno ya kawaida alichokisema kwa mzaha.

Uchaguzi mkuu wa 2027 hauko mbali. Wagombea watakuja deltani na magari yao na ahadi zao, na baadhi yao watakuja na maneno ya kugawanya. Kaunti hii inahitaji wasimamizi wa mijadala wenye ngozi ngumu na masikio laini, watakaomkatiza mchochezi bila woga na watakaovumilia kuchekwa na mkulima na mfugaji kwa pamoja. Anayeomba kura Garsen apimwe hapo kwanza: ataniwe mbele ya watu, kisha tuone kama atajibu hoja au atafunga mkutano.